Kirefusho cha mshipi wa tandiko: kipi ununue hapa Nairobi

Mvua za masika zikishika, kati ya Machi na Mei, farasi wengi wa Karen na Lang'ata hushinda wakila nyasi mbichi na hupandwa mara chache. Zikiisha, saisi anaanza kuwatandika tena na mshipi, ule ukanda unaopita chini ya kifua cha farasi kushikilia tandiko, uliotosha Februari haufiki hata tundu la kwanza. Hapo ndipo watu huulizia kirefusho: kipande kifupi chenye mabizimu upande mmoja na kanda zenye matundu upande wa pili, kinachounga mshipi na kanda za tandiko.

Kabla ya kutoa pesa, pima pengo lenyewe. Mishipi huuzwa kwa saizi zinazopishana sentimita 5 hivi. Ikiwa farasi bado anakua, au kifua chake ni kipana kwa maumbile, nunua mshipi mrefu. Kirefusho ni cha muda, mpaka mazoezi yapunguze tumbo.

Chaguo langu la kwanza ni ngozi ya mapande mawili yaliyoshonwa pamoja, yenye mabizimu mawili ya chuma cha pua. Ngozi nzuri hulala bapa chini ya mguu wa mpandaji na kingo zake hazichubui. Tafuta ngumu, iliyotengenezwa kwa maganda ya miti kama muwati, maana ngozi laini ya mikoba huvutika na tandiko likalegea. Ikunje: ikionyesha nyufa, iache. Mafundi wa ngozi wa soko la Kariokor wanaweza kukushonea, mradi uende na mshipi wako ili nafasi kati ya mabizimu ilingane. Mweleze fundi waziwazi kwamba uhai wa mtu utategemea mshono ule. Pale ngozi inapozunguka bizimu, ashone mistari miwili kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Matundu nayo yalingane kwenye kanda zote mbili, la sivyo moja itabeba mzigo wote.

Cha pili ni nailoni nene iliyofumwa. Haiozi, unaiosha na kuianika, na inafaa mahali penye farasi wengi na matope mengi. Pitisha kidole kwenye kingo; zikikukwaruza wewe, zitamkwaruza na farasi.

Lastiki naiweka mwisho kabisa. Mishipi mingi tayari ina lastiki, na ukiongeza nyingine huwezi kujua umekaza kiasi gani. Ikiwa upande mmoja tu, mvutano hauwi sawa. Tena huchoka kwa jua na jasho kabla jicho halijaona. Kwa mtoto anayejifunza kupanda, naomba usiinunue.

Vya mitumba kutoka mazizini si vibaya, lakini kagua uzi na ulimi wa bizimu. Kutu hapo ni sababu tosha ya kukiacha.

Ukishakifunga, vuta kila mguu wa mbele uende mbele ili ngozi ya farasi isikunjike chini ya mshipi, kisha hakikisha bizimu haligusi nyuma ya kiwiko chake. Likigusa, kirefusho hicho ni kifupi au kirefu mno kwake, hata kiwe cha ngozi bora namna gani. Mtembeze dakika chache, halafu kaza tena kabla ya kupanda.