Kipunguzio cha risasi za gobore: nimekitumia msimu mzima, uzoefu wangu

Nianze na kilichonipeleka kununua hiki kifaa cha kupunguza unene wa risasi. Gobore langu ni kaliba .50, yaani tundu la kama nusu inchi, mtutu una mifereji ndani, inazunguka mara moja kila inchi 28, kwa hiyo lenyewe linapenda risasi ndefu kuliko goroli, ile risasi ya mviringo. Siku hiyo nimeshindilia vizuri tu, baruti, risasi, mdeki (fimbo ya kushindilia) mpaka chini, na mdeki wangu nimeufunga utepe mwekundu pale unapolingana na mdomo wa mtutu risasi ikiwa imekalia baruti sawasawa. Nikatembea kama saa nzima mtutu ukiangalia chini. Kabla sijaweka fataki ya kuwashia baruti moyo ukaniambia hebu pima tena, nikatumbukiza mdeki, utepe ukagoma kuingia, ukabaki juu ya mdomo kwa vidole viwili. Vidole viwili! Risasi imeteleza yenyewe kwenda mbele, imeacha uwazi kati yake na baruti. Aisee nililegea mikono. Uwazi ule ndio unaotunisha mtutu au kuupasua kabisa, na uso wako uko hapohapo nyuma yake.

Sasa kumbe ile .50 iliyogongwa kwenye mtutu ni jina tu. Mitutu ya .50 unakuta mmoja una .500 ya inchi, mwingine .501, mwingine unafika .503, na tofauti ya elfu moja ya inchi ni nyembamba kuliko unywele lakini kwa risasi inayojaza mtutu hiyo ndiyo inaamua ikae au iteleze. Mimi nilikuwa natumia za .501. Nikajaribu za .503, hizo nazo zikagoma, mpaka nigonge mdeki, na ukigonga risasi iliyotengenezwa kwa madini laini ya risasi pua inabonyea, ukifyatua inakwenda inakotaka yenyewe.

Kabla ya kununua chochote pima mtutu wako jamani, nasema hivi kwa sababu nimeona watu wananunua paketi nne za vipimo tofauti wanabahatisha. Hakikisha gobore halina kitu ndani, safisha mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe, kama kizibo cha nyuma kinafunguka kifungue, chukua kipande cha madini laini ya risasi kinene kidogo kuliko tundu, kipake mafuta, kisukume pole pole kutoka upande mmoja kitokee wa pili halafu kipime kwa maikromita, kile kifaa cha kupimia unene mdogo sana. Yale mabonde kwenye kile kipande ni alama za matuta yaliyo kati ya mifereji ndani ya mtutu, na kipimo unachokitaka ni kutoka bonde mpaka bonde. Mifereji ikiwa idadi ya witiri kalipa ya kawaida itakudanganya maana bonde linatazamana na tuta, sio bonde kwa bonde. Wakati unasukuma sikilizia mkononi, kama kuna mahali panabana au panalegea ghafla utapajua. Na mitutu mingine mdomo umepanuliwa kidogo makusudi ili risasi iingie kirahisi, ukijaribu kwa kidole pale mdomoni unaona imekaa poa kumbe ndani hali ni nyingine kabisa. Mtutu wangu ukatoka .502, yaani milimita 12.75, nilikuwa sijawahi kuulisha saizi yake hata siku moja.

Basi ndio nikachukua hiki kipunguzio. Ni chuma cha duara kina tundu katikati, unakifunga kwenye presi ya mkono, risasi inakalia ncha ya chini, unavuta mpini wa presi inapita tunduni inatokea juu imepungua. Changu ni kile cha kurekebishika, kuna nati unaikaza tundu linabana, unailegeza linaachia. Narudia, kinapunguza tu, hakinenepeshi, kwa hiyo unanunua risasi nene kuliko mtutu halafu unashuka nazo.

Kwa kazi yake nakipa heshima. Risasi laini inapita bila vita, ukiwa umeipaka mafuta kidogo unasikia inateleza kwa mkazo mmoja kuanzia chini mpaka juu, na inatoka na mkanda unaong'aa kuizunguka. Huo mkanda uangalie kwenye mwanga. Ukiwa umezunguka mzima ujue imeshikwa pande zote, ukiwa upande mmoja tu ujue iliingia imepinda. Ilinichukua risasi kama kumi na tano kupata mahali pa nati, napunguza, nashuka nayo kwenye mtutu msafi, narudi nakaza tena, mpaka ikafika ile hali ninayoitaka, kwamba inashuka kwa kusukumwa na mdeki kwa mkono mmoja bila kugonga, na nikigeuza mtutu chini nikautikisa haitoki.

Matatizo yapo na sitayaficha. Ile nati inalegea. Nikipitisha kama risasi ishirini hivi nikipima nakuta zimeanza kunenepa, kwa hiyo napima kila ya tano, na aliyetengeneza angeweka nati ya pili ya kufungia hii ya kwanza ingekuwa imeisha hiyo. La pili, risasi ikikaa vibaya kwenye ile ncha inanyolewa, kitako kinabaki na kiukingo upande mmoja, na kitako ndicho kitu cha mwisho kuachana na mtutu, kikiwa hakiko sawa moshi unatoka upande mmoja kwanza na kuisukuma pembeni. Hizo naziyeyusha upya. Risasi ngumu iliyochanganywa na madini mengine usihangaike nayo hapa, mkono utauma na ikishatoka inajirudishia unene kidogo.

Shabaha sasa, kwa mita 50, zamani matundu yangu matano yalikuwa yametawanyika upana wa sahani, leo yanafunikwa na kiganja. Ila nafuta mtutu kwa kitambaa chenye unyevu halafu kikavu kila baada ya kupiga, maana masizi ya baruti yanakula ile nafasi yote na risasi uliyoipima vizuri inaanza kugoma kuanzia ya pili. Na utepe mwekundu naucheki kila nikisimama, haujapanda tena.

Kama unatumia saboti, vile vikombe vya plastiki vinavyobeba risasi ya .45 ndani ya mtutu wa .50, hiki usinunue, wewe unabadilisha saboti. Wa goroli na kitambaa hivyohivyo, mwenzangu unacheza na unene wa kitambaa. Hiki ni cha sisi wa risasi ya kujaza mtutu, na ukinunua nunua na maikromita siku hiyohiyo.