Kituo cha wazee nilichompeleka bibi hapa Mtwara: malezi safi, ila usiku kukitokea dharura naogopa

Bibi yangu mzaa mama yuko kwenye kituo cha kulelea wazee nje kidogo ya Mtwara mjini, mwezi wa pili huu, mama anatibiwa Dar na mimi nashinda kazini. Jina la kituo silitaji, nimeshaongea nao na wamenisikiliza. Nawapa nyota 3 kati ya 5.

Kwenye malezi sina neno. Bibi anaogeshwa, anageuzwa kitandani asipate vidonda, kuna siku nikamkuta analishwa ming'oko (viazi vya porini vya huku kwetu) iliyopondwa kabisa kwa vile hana meno, yaani machozi yalinilenga. Ana sukari anachoma insulini, nikamuuliza sista umeme ukikatika inakuwaje maana umeme wetu tunaujua, akanipeleka uani akanionyesha chungu kimekaa kwenye mchanga mbichi kivulini, friji ikizima muda mrefu chupa zinafungwa kwenye mfuko zinahamia humo. Mungu ambariki yule mama.

Sasa usiku. Mlezi mmoja, wazee 11, wanne hawawezi hata kukaa wenyewe. Madirisha yote nondo. Mlango wa nyuma upo ila una kufuli na mbele yake magunia ya mkaa, ufunguo anao mlinzi, na siku niliyoenda saa mbili usiku mlinzi alikuwa dukani. Mlango wa mbele unapita jikoni, moto ukianzia hapo hawa wazee watatokea wapi jamani? Mtungi wa kuzimia moto upo ukutani lakini mshale uko kwenye nyekundu, dada wa zamu hajawahi kuushika, na 114 ya zimamoto nimempa mimi.

Na vimbunga huku tunavijua. Aprili 2019 Kenneth ilivyokuwa inakuja shule na kazi vilifungwa watu wakaambiwa wahamie sehemu salama, ikaenda kupiga Msumbiji. Mei 2024 Hidaya ikakata barabara ya Dar pale Somanga, sasa nikauliza dawa za presha mnazo za muda gani, wiki moja tu! Kule Florida Marekani mwaka 2017 kimbunga Irma kilizima viyoyozi kwenye nyumba ya wazee, wazee 12 wakafa kwa ajili ya joto na hospitali ilikuwa jirani kabisa, hakuna aliyewavusha mapema.

Jumamosi nimekuta magunia yametolewa na ufunguo wa pili unaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mlezi. Bado mtungi kujazwa, bado mtu wa pili wa usiku, bado karatasi ya kila mzee yenye jina, dawa zake, simu ya ndugu, na kama anatembea au anabebwa. Ya bibi nimeiandika mwenyewe nikaibandika ukutani upande wa kichwa chake, mwenye mzee wake pale naomba afanye hivyo wiki hii hii.