Porseleni au seramiki sakafuni: tathmini baada ya miaka minne ya matumizi

Nyumba yetu ya Kigamboni ina vigae vya aina mbili: seramiki katika vyumba vya kulala, na porseleni sebuleni, jikoni na barazani. Baada ya kuvikanyaga kwa miaka minne nina msimamo: panapoingia mchanga na maji, gharama ya porseleni inastahili kulipwa, vyumbani, seramiki nzuri inatosha kabisa.

Vyote viwili ni udongo uliochomwa, ingawa udongo wa porseleni husagwa laini zaidi, hushindiliwa kwa nguvu kubwa na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1,200 hivi, ndiyo maana kigae chake hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Seramiki nyingi za sakafuni hunyonya zaidi ya asilimia 3, na za ukutani hupita 10, kwa hiyo kigae cha ukutani kisilazwe chini hata kama kimebaki bure.

Mchanga ndio uliotufundisha. Mlango wa jikoni tuliuwekea seramiki kwanza, na kabla mwaka haujaisha ile ngozi ya juu inayong'aa ilikuwa imekwaruzika njia nzima ya miguu, na palipodondoka sufuria palibanduka kipande, wekundu wa udongo ukabaki wazi. Tulivibomoa tukaweka porseleni ambayo rangi yake imepenya kigae kizima, na hiyo ikimeguka haipigi kelele machoni. Porseleni iliyopakwa rangi juu tu haina sifa hii, basi tazama ubavu wa kigae kabla ya kulipa.

Dukani vigae vyote huitwa malumalu, na neno la muuzaji halitoshi. Duka moja liliniuzia boksi za "porseleni" ambazo zilikuwa seramiki, nikagundua zikiwa zimeshafika nyumbani. Tangu hapo humwaga maji kidogo mgongoni mwa kigae na kusubiri dakika tano: yakinywewa na kuacha doa jeusi, hiyo si porseleni. Kwenye boksi pia hutafuta alama ya BIa, ambayo ni kundi la kimataifa la vigae vya unyonyaji wa chini ya hiyo asilimia 0.5.

Kasoro kubwa ya porseleni iko kwenye kuijenga. Kwa kuwa hainywi maji, uji wa saruji tupu hauishiki vizuri. Vigae vya baraza yetu vilianza kulia utupu vilipogongwa, vingine vikainuka, hadi fundi wa pili alipovirudia kwa gundi maalumu ya vigae. Vigae vya porseleni pia ni vizito, na kuvikata huhitaji kisu cha almasi ili ukingo usimeguke, kwa hiyo fundi huomba malipo zaidi, na ni haki yake. Iliyosuguliwa ikang'aa huteleza vibaya ikilowa. Kwa baraza na bafu chagua yenye uso mkavu, usiong'aa.

Vyumbani, ambako watu huingia peku, seramiki haina mkwaruzo hata mmoja, na fedha tuliyookoa ndiyo iliyolipia gundi. Ukinunua aina yoyote, hakikisha boksi zote zina namba ileile ya toleo, kisha ongeza boksi moja la akiba. Sisi hatukuongeza, na vigae viwili tulivyobadilisha sebuleni vimepauka kidogo kuliko jirani zake hadi leo.