Uzoefu wangu: kuongeza muda wa fleti yetu Reading kabla haujashuka chini ya miaka 80

Kwetu Tanzania hati ya kiwanja hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo wengi tuliohamia Uingereza tukiambiwa mkataba wa fleti (lease) umebakiza miaka 81 kabla fleti haijarudi kwa mwenye ardhi (freeholder) tunaona bado mbali sana. Kwa sheria ya England na Wales hapo umeshafika ukingoni. Tumemaliza kuongeza muda wa fleti yetu hapa Reading, na kwa kuwa ndugu na jamaa wananiuliza kila mara kama kuna haja ya kumlipa mthamini na wakili, au mtu amalizane tu na mwenye ardhi, nimeona niandike yote mahali pamoja.

Mkataba wetu ulikuwa wa miaka 99 kuanzia Januari 1, 2007. Maana yake mwanzoni mwa 2026 ungekuwa umebakiza miaka 80 kamili. Mkataba ukiwa na zaidi ya miaka 80 siku unapotoa notisi rasmi ya kudai nyongeza, unamlipa mwenye ardhi kwa mambo mawili: kodi ya pango la ardhi atakayoikosa, na fidia ya kusubiri miaka 90 zaidi kabla fleti haijarudi mikononi mwake. Ukishafika 80, linaingia jambo la tatu. Ile thamani mpya inayozaliwa kwa sababu mkataba umerefushwa, nusu yake inakwenda kwake. Na kadiri miaka inavyopungua, nusu hiyo inazidi kunenepa.

Sisi tulinunua kiangazi cha 2024. Muuzaji alikuwa na haraka, hakutaka kusikia habari ya kutoa notisi yeye kisha atuhamishie haki hiyo siku ya mauzo, ingawa sheria inaruhusu. Na wakati ule mnunuzi mpya alilazimika kumiliki fleti miaka miwili kwanza ndipo adai kuongezewa. Miaka yetu miwili ingetimia katikati ya 2026, mstari umeshapita. Kilichotuokoa ni sheria ya mageuzi ya 2024. Kipengele chake cha kufuta sharti la miaka miwili kilianza kutumika Januari 31, 2025. Mume wangu alipoisoma habari hiyo aliniita kutoka sebuleni: "Mama Neema, hii ndiyo nafasi yetu, tusilale."

Tulianza kwa kumwandikia wakala wa mwenye ardhi. Jibu lilikuja la upole kabisa: tulipe pauni 6,500, pasiwe na notisi wala mivutano, mkataba urudi kuwa wa miaka 125. Tulipewa na tarehe ya mwisho ya kukubali. Nakiri barua ilivutia. Mthamini tuliyemtafuta aliisoma, akaweka kidole kwenye mistari miwili. Wa kwanza: kutoka miaka 81 hadi 125 ni nyongeza ya miaka 44 tu, wakati sheria ya 1993, inayompa mwenye fleti haki ya kuongezewa muda, inakupa miaka 90 juu ya ile iliyobaki. Wa pili ulikuwa umejificha zaidi: kodi yetu ya pauni 200 kwa mwaka ingeendelea kulipwa mpaka kipindi cha mkataba wa zamani kiishe. Sheria ya kodi ya ardhi ya 2022 inamzuia mwenye ardhi kutoza kitu kwenye miaka ya nyongeza, lakini katika makubaliano ya hiari inamruhusu kuendelea na kodi ileile kwa miaka iliyokuwepo. Mara 80, hiyo ni pauni 16,000. Ukifuata njia ya notisi, kodi inafutika mkataba mpya unapoanza. Ndugu zangu, barua za namna hii zinatumwa kwa watu wengi, na waliotia saini hawakudanganywa kwa neno lolote. Ila hakuna aliyewapigia hesabu.

Mthamini huyo ndiye huduma bora niliyowahi kuilipia nchi hii. Pauni 750 kwa ripoti, na mazungumzo na upande wa pili alitoza kwa saa. Alipima vyumba vyote, akauliza maboresho gani tumefanya kwa fedha zetu ili yasitupandishie bei, kisha akakaa nasi mezani kutuonyesha namba zinatoka wapi. Fleti yetu ikiwa na mkataba mrefu aliithamini pauni 240,000. Fedha hiyo ikingojewa miaka 80 kwa kiwango cha asilimia 5, ambacho mabaraza yanayoamua migogoro hii yameshikamana nacho tangu kesi iitwayo Sportelli, leo ina thamani ya pauni 4,800 hivi. Kodi ya kila mwaka ikijumlishwa kwa njia kama hiyo, ila kwa kiwango cha juu kidogo, inaleta karibu pauni 3,000. Kwa hiyo alitarajia tutaishia pauni 7,500 hadi 8,000, akashauri tufungue kwa 6,200. Akatuambia pia kwamba tungechelewa mpaka 2026, tungeongeza kama pauni 4,000 juu ya hizo. Siku hiyo hofu iliniisha, kwa sababu niliona hesabu nzima kwa macho yangu.

Wakili naye alijua kazi yake. Ile notisi, ya kifungu cha 42 cha sheria ya 1993, si barua ya kawaida: ikionekana imeondolewa, au ukipitisha tarehe fulani bila kuchukua hatua, unasubiri miezi 12 ndipo utoe nyingine. Kwetu hiyo ingekuwa na maana ya kuanguka chini ya 80. Alikwenda kwenye daftari la msajili wa ardhi kuhakikisha mwenye ardhi halisi ni nani, maana waliotuandikia walikuwa wakala tu. Notisi ikishapokelewa, bei inapimwa kwa tarehe hiyo, hata mazungumzo yakichukua muda gani. Tulidaiwa amana ya asilimia 10 ya bei tuliyotaja, pauni 620.

Mwenye ardhi alikuwa na miezi miwili ya kujibu na aliitumia karibu yote. Alikubali haki yetu, akataja pauni 11,500. Wathamini wawili wakavutana. Kabla miezi sita ya kupeleka shauri barazani haijaisha wakili alilifungua ili kulinda haki yetu, na pande zote zikakubaliana pauni 7,800 bila kufika kusikilizwa.

Malalamiko yangu ni kwa wakili huyohuyo. Baruapepe zilikaa bila majibu, na makisio yake ya kwanza hayakuonyesha kwamba gharama halali za wakili na mthamini wa mwenye ardhi ni mzigo wa mwenye fleti. Zilifika pauni 1,900 baada ya yeye kupinga baadhi ya vipengele. Ukijumlisha kila kitu tulipita kidogo pauni 12,000. Uliza swali hilo siku ya kwanza, tena kwa maandishi. Mthamini nampa nyota tano, wakili tatu na nusu. Mnaotafuta wa kwenu, anzeni na wanachama wa ALEP, chama cha mawakili na wathamini wa mambo haya, na ushauri wa bure mtaupata LEASE, shirika linalofadhiliwa na serikali. Benki iliyotukopesha ilitoa idhini bila shida. Mkataba mpya sasa umesajiliwa na unaisha Desemba 2195, kodi sifuri.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama si heri kungoja, kwa kuwa sheria ya 2024 imeahidi nyongeza ya miaka 990 na kufuta ile nusu. Vipengele hivyo vilikuwa havijaanza kutumika tulipofanya haya. Mwenye mkataba uliobakiza miaka 81 au 82 asingoje kwa imani, kwani akishuka kabla havijaanza atailipa nusu hiyo. Aliyebakiza miaka 70 kwenye mkataba, asiye na mpango wa kuuza wala kubadilisha mkopo, hasara imeshamfika na kungoja kunaweza kumfaa, ila kwanza amlipe mthamini ampigie hesabu ya sasa na ya miaka mitatu ijayo, aziweke bega kwa bega.