Goroli Inayoninyima Usingizi: Marble It Up! Ultra

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Wakubwa zangu mnaonifuatilia, shikamooni. Kabla ya lolote: huyo jogoo mnayemsikia ni wa jirani, si wangu, na maiki mpya niliyoagiza bado iko njiani, wiki ya tatu hii. Kwa hiyo leo mtatuvumilia wote wawili, mimi na jogoo.

Haya. Hapo kwenye skrini mnaona goroli. Ndiyo, goroli ile ile tuliyokuwa tunaichimbia vishimo uani, tunarudi nyumbani magoti meupe kwa vumbi. Ndugu zetu wa Kenya mnaita bano, najua, msinijazie komenti. Gemu inaitwa Marble It Up! Ultra, ilitoka 2023, na tangu niishushe sijalala kabla ya saa nane usiku. Kazi yako ni kuitoa goroli hapa na kuifikisha pale, saa inakimbia juu ya kichwa chako. Hakuna hadithi, hakuna risasi, hakuna wa kumwokoa. Picha mnaziona wenyewe, mahitaji ya kompyuta yameandikwa kwenye duka la mtandaoni la Steam, kasomeni. Mimi nimekuja kuzungumzia kuruka.

Twende levo ya kwanza kabisa, Learning to Roll. Naipeleka goroli hadi kwenye sehemu tambarare, nasimama. Naruka. Imekwenda juu, imerudi pale pale. Sawa, kila mtu alitegemea hivyo. Sasa nasogea kwenye mteremko, naruka tena. Mmeona? Haikwenda juu, imerushwa mbele! Ngoja nirudie taratibu. Ukiruka, gemu haiangalii mbingu iko wapi, inaangalia sakafu uliyokanyaga imeelekea wapi, na inakusukuma kutoka kwenye sakafu hiyo. Mteremko ukiwa umeinamia mbele, unarushwa mbele. Ukuta wa mviringo ukiwa umekuelekea, ukiruka pale unatupwa upande wa pili wa njia. Kwa hiyo kila kilima unachokutana nacho ni manati, wewe ndiye unayeamua uivute saa ngapi.

Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ndiyo iliyonimaliza.

Nimevua ile goroli nyeusi, nimevaa hii yenye mistari, na si kwa urembo. Nyeusi haikuonyeshi inazunguka kwenda wapi. Angalia mistari. Naruka, niko hewani, nasukuma kijiti cha pedi ya gemu mbele, nashikilia. Goroli bado iko angani lakini inajizungusha kama gurudumu la baiskeli ulilolinyanyua. Sasa inagusa chini... paa! Umeona ilivyochomoka? Ule mzunguko haukupotea. Umeng'ata sakafu, ukageuka mwendo. Kumbe hata ukiwa hewani una kazi ya kufanya.

Na ukikosea? Tazama. Naruka, halafu angani naogopa, navuta kijiti nyuma. Mistari inazunguka kinyume. Inagusa chini, inajikwaa, mwendo wote kwisha. Hapo ndipo unapopoteza ile nusu sekunde, halafu unalaumu pedi. Mimi nimelaumu pedi siku tatu nzima. Nimeifungua, nimeipuliza, nimeipangusa kwa pamba na spiriti. Pedi haikuwa na kosa lolote.

Tena kuna barafu. Kwenye levo za barafu, yote niliyowaambia sasa hivi yasahau, kwa sababu barafu haina msuguano wa kuung'ata huo mzunguko. Goroli inajizungusha weee, lakini inateleza kule kule ilikokuwa inakwenda. Lazima uwe umeamua njia kabla hujaikanyaga. Mara ya kwanza nilidhani ni ubaya tu wa watengenezaji. Sasa hivi ndizo levo ninazozipenda kuliko zote. Hapana, subiri. Ninazozipenda zaidi ni zile ambazo ukuta unageuka kuwa sakafu, unapanda pembeni na dunia nzima inalala nawe. Barafu ni ya pili.

Sasa, sitaki yawe maoni yangu peke yangu, maana mnanijua, nikipenda kitu napiga kelele. Nimewakalisha watu watatu hapa hapa kwenye kiti hiki. Mdogo wangu, mtu wa gemu za mpira, alicheza dakika kumi akasema "kaka, hii ni kazi ya shule." Hakuona raha ya kurudia njia ile ile ili upunguze sekunde mbili. Na ukweli, kama kurudia kunakuchosha, pitia mbali, kwa sababu gemu yenyewe ndiyo hiyo: medali za kuwahi, na ya juu kabisa ni almasi. Jirani yangu fundi simu alikuja kuazima chaja, akakaa mpaka adhana ya alfajiri. Hakujali medali. Alikuwa anatafuta njia za mkato tu, anaruka nje ya barabara makusudi aone kama atatua upande wa pili. Akianguka anacheka. Mimi nikianguka natukana. Wa tatu ni dada yangu, ambaye alisema kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: ukianguka, gemu haikusubirishi. Kitufe kimoja, umesharudi mwanzo. Hakuna skrini ya kukusimanga, hakuna "unapakia, tafadhali subiri." Nimehesabu moyoni, hata "moja" haifiki. Ndiyo maana unajiambia "mara ya mwisho hii" mara arobaini.

Wapo pia wazee wa kazi. Hawa wanapima kila kitu kwa Marble Blast. Kwa wasiojua: Marble Blast ni gemu ya goroli iliyoanza 2003, kampuni ya GarageGames ya Marekani, na Marble Blast Gold ilikuwa inakuja imeshawekwa ndani ya baadhi ya kompyuta za Apple za miaka ile. Wengi wetu tuliikuta kwenye Mac ya mtu, ofisini kwa mjomba, tukadhani ni yetu peke yetu. Halafu 2006 ikaja Marble Blast Ultra kwenye Xbox 360, baadaye ikaondolewa dukani, basi. Baadhi ya watu wa timu ile ndio waliokuja kutengeneza Marble It Up!, ikatoka 2018 kwenye Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, na hii Ultra ndiyo imeikuza, ina levo zaidi ya 100. Kwa hiyo mzee wa Marble Blast akisema "hii goroli ni nyepesi" au "hii inadunda tofauti," msikilize kwa heshima, mwenzako amekuwa akisubiri miaka. Ila na yeye asitufanye tuliokuja jana tujione hatuna haki ya kufurahi.

Mtaniuliza: mbona usicheze Super Monkey Ball? Nimecheza. Ile ya Sega ya 2001 huiendeshi goroli, unainamisha sakafu, na kuruka hakuna. Ni kama umebeba sinia la chai mlangoni mwa wakwe. Raha yake ni hofu. Huku sakafu haiinami, goroli ndiyo yenye injini. Ni vitu viwili tofauti, na mtu akiniambia ni kitu kimoja najua hajacheza hata kimoja.

Na babu yao wote ni Marble Madness, Atari, 1984. Ilikuwa na hatua sita tu, na unaichezesha kwa kuviringisha mpira kwa kiganja kwenye mashine yenyewe, zile za gemu za kutumbukiza sarafu. Aliyeibuni, Mark Cerny, ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa msanifu mkuu wa PlayStation 4 na 5. Kijana alianza na goroli, ona alipofika. Mama yangu angesikia hili asingezitupa zangu chooni.

Bei. Hapa najua ndipo mnaponisubiri. Inauzwa kwa dola, na kwa bei yake kamili mimi sikuinunua, niliisubiri ishuke, ikashuka. Wiki iliyopita kwenye laivu nilisema gemu ya goroli haistahili pesa hiyo. Kuna mdau amekata kipande kile anacho, anakisambaza. Sawa, kisambaze. Nimebadilika. Ningeinunua tena, labda si kwa bei kamili... au labda hata kwa bei kamili, kama mwezi umekaa vizuri.

Ila kama mfuko hauruhusu, usiende kuiba kwenye yale matovuti yanayokupa gemu na virusi sita vya zawadi. Kuna PlatinumQuest, mashabiki wa Marble Blast wameitengeneza, bure. Kuna toleo lao jingine la Marble Blast linafunguka ndani ya kivinjari, hata ile laptopu ya darasani inajaribu. Na kuna Neverball, bure miaka yote, ya kuinamisha sakafu na kuokota sarafu. Anza huko. Ukiona mkono umeanza kuwasha, njoo huku.

Kucheza na wengine mtandaoni, mnashindana kuwinda vito, nako nilisema hakuna maana. Hiyo pia niliropoka. Intaneti yangu ndiyo haina maana. Nilikwenda kwa dada yangu kwenye faiba, nikagundua watu wananipita kwenye vito vyote kwa sababu wanajua kuruka na mimi bado najikwaa. Niligongwa na goroli ya mtu nikaanguka kuzimu, nikasikia raha isiyo na maelezo. Jumamosi saa tatu usiku tutakuwa laivu kutoka kwake, wenye nayo njooni mnigonge. Wasio nayo, bonyezeni kengele mje kunicheka.

Ngoja sasa, chaji imebaki asilimia tisa na umeme haujarudi. Kuna almasi ya levo hii naikosa kwa chini ya nusu sekunde tangu Jumatatu. Najaribu mkiwa mnaona. Mteremko... naruka... mbele, mbele, mbele, usiogope... imegusa, imechomoka, safi, kona... aah! Ukingo. Nimevuta nyuma, mmeona mistari? Nimevuta nyuma tena mimi!

Tena. Jogoo, nyamaza kidogo.