Gita ndogo ya umeme ya safari, miezi 3 baadaye

Mimi hutoka Kisumu kwenda Kakamega karibu kila wiki, na gita yangu kubwa kwa matatu ilikuwa inalipiwa kiti kama mtu mzima, so nikanunua hii ndogo ya umeme, 14,000 baada ya kuongea bei mpaka mate ikakauka. Haina kichwa kabisa, zile za kukazia nyuzi ziko huku nyuma ya mwili, naiweka katikati ya miguu na konda hasemi kitu.

Sauti ni ya kawaida tu, haishtui mtu. Lakini unachomeka hedfoni moja kwa moja, saa 5 usiku nacharaza benga na jirani amelala fofofo. Inatumia betri ya volti 9 na ukisahau jeki (ile plagi ya waya) ndani usiku kucha asubuhi betri imekufa, nimeua mbili hivyo.

Sasa freti, vile vyuma vyembamba vya kwa shingo ya gita, hapo ndio kuna kesi. Ncha zake zilikuwa zimetokeza kando kama meno ya msumeno, ukiteleza mkono inakukwaruza, siku ya kwanza kidole ikatoa damu. Nikarudi kwa duka muuzaji ananiambia eti "itazoea", sijui ni freti itazoea ama ni mkono wangu! Fundi mmoja wa mtaa wa Kondele akazipiga tupa, akainua na ile nyuzi nyembamba kwa sababu ilikuwa inalia zzzz, na benga bila hiyo nyuzi unapiga nini? 800 akachukua.

Kwa hivyo hesabu 14,800, na bado ningeinunua.