Gemu ya kutafuta namba ya siri, ngazi ngumu inadanganya!!

Mimi hizi gemu za kutafuta namba ya siri nazipenda kweli. Ni ile programu inaficha tarakimu nne, we unakisia, inakujibu fahali wangapi, yaani tarakimu ipo na umeiweka mahali pake, na ng'ombe wangapi, yaani ipo ila siyo hapo ulipoiweka. Basi. Hakuna kingine.

Sasa juzi kati nikaingia ngazi ngumu, ile tarakimu zinaruhusiwa kujirudia. Nikaweka 7728, ikajibu fahali mmoja na ng'ombe mmoja. Haya, kwa jibu hilo ama kuna 7 mbili, ama 2 au 8 imo humo ndani, hamna njia nyingine. Nikazitafuta hizo 7, nikahamisha 2, nikahamisha 8, kila nikijaribu majibu yanagongana mpaka nafasi zikaisha. Inafungua siri: 7315. Saba moja! Hakuna 2, hakuna 8! Sasa yule ng'ombe alitoka wapi jamani?

Nimekaa na karatasi nimeigundua. Inahesabu ile 7 moja mara mbili, ya kwanza yangu inaipa fahali halafu ya pili inaipa ng'ombe, wakati tarakimu moja ya siri inatakiwa kuhesabiwa mara moja tu. Mtaalamu wa kompyuta Donald Knuth mwaka 1977 alionyesha kwamba ile Mastermind ya rangi sita, gemu kama hii ila unakisia rangi nne badala ya tarakimu, yenye michanganyiko 1,296, unaweza kuimaliza kwa makisio yasiyozidi matano kila mara. Ila hesabu zote hizo zinasimama juu ya kitu kimoja, jibu liwe la kweli. Jibu likiwa la uongo hata uwe na akili gani unafanyaje?

Nikawaandikia wenye gemu, na picha ya skrini nikaweka. Wakanijibu "Ndugu mteja, gemu iko sawa, anza na ngazi rahisi kwanza." Ngazi rahisi! Mtu nimekuletea ushahidi mkononi hata kuusoma hujausoma, unaniambia nikajifunze. Hilo ndo limeniuma kuliko hata hiyo hitilafu.

Kusema haki ngazi ya kawaida, isiyorudia tarakimu, iko safi, namba 5,040 zinazowezekana na haijawahi kunipa jibu baya, tena haili bando, kwa hiyo nilitaka niwape nyota tatu. Lakini hapana, kila nikicheza sasa hivi lazima nihakiki kwenye karatasi mwishoni, raha iko wapi hapo? Nyota moja. Wakirekebisha hiyo hesabu nitawaongezea, ila kwa sasa ngazi ngumu msiiguse, na kama una mtoto anajifunza kufikiri usimpe kabisa, atajiona hajui kumbe yuko sahihi.